Siku ya 16 tangu nipunguzwe tumbo: maji hayashuki, na Jumamosi nina pilau ya watu 200

MpishiWaTabata
Jumanne, saa 3:50 usiku

Habari zenu wapendwa. Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Wale wa "si ungefunga mdomo tu" wapite kimya kimya, nimeshawasikia wa kutosha kuanzia kwa mawifi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 41, niko Tabata. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: ndoa, maulidi, arobaini, kipaimara, palipofungwa turubai na mimi nipo. Nilifika kilo 134. Presha ninayo tangu mimba ya mwisho, na magoti yote mawili yalishakataa ngazi. Kaka yangu aliyeko Muscat akasema atalipa, nikapimwa kila kinachopimika, nikafanyiwa ule upasuaji wa kukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi. Ni wa matundu. Nina vialama vitano tumboni, kimoja ndo kirefu kidogo. Nililala hospitali siku tatu, nikarudi nyumbani natembea mwenyewe.

Niliambiwa wiki mbili vimiminika tu, wiki mbili zinazofuata chakula cha kusagwa kama cha mtoto, halafu ndo vilaini. Karatasi yao nimeibandika kwenye friji. Ila aliyeiandika hamjui mama mkwe wangu.

Mama alishuka kwenye basi la Moshi siku ya tisa na mkungu mzima wa ndizi mshare. Kwake mtu aliyetoka hospitali ni mzazi, na mzazi ni mtori. Nilimweleza, akasikiliza, akaitikia vizuri, akaingia jikoni. Siku ya 11 mchana akaniletea bakuli. Nikasema nile vijiko viwili kwa heshima yake. Nikala sita, vijiko vya chakula, huku ananipa habari za kijijini na mimi nacheka. Cha saba kilikaa hapa katikati ya kifua kama mtu kanikalia. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, ya kuvutika kama mlenda, nikitema yanarudi. Nikakaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye mlango wa kabati, ndoo katikati ya miguu. Dakika arobaini. Mama kapiga magoti pembeni ananipapasa mgongo, "toa mwanangu, toa yote". Kilichotoka mwishoni hakijazi hata kiganja, kinyuzi cha nyama na povu. Mama hakusema neno mpaka magharibi, akakaa kibarazani anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nikajiona mimi ndo nimemkosea.

Tangu siku hiyo hata maji nayaogopa. Yakishuka nasikia kama nimemeza jiwe, ya baridi ndo kabisa. Ya uvuguvugu yenye tangawizi afadhali, nakunywa kutwa nzima, chupa iko mkononi muda wote. Kinachoniweka mjini ni supu ya kuku wa kienyeji, nachuja kwa kitambaa inabaki safi kabisa. Ile protini ya unga ya kopo, niliyouziwa Kariakoo kwa bei ya mbuzi, harufu yake ya vanila inanitapisha kabla kifuniko hakijafunguka. Natapika mara moja au mbili kwa siku, siyo sana. Njaa sina kabisa, naweza kufika saa kumi jioni ndo nakumbuka sijatia kitu mdomoni.

Sasa maswali. Maji nyie mlikuwa mnayanywaje? Halafu mzani umegoma: ndani ya siku 12 nilishuka mpaka 126, tangu hapo 126, 126, leo asubuhi 126. Inawezekana kweli nimekatwa bure? Na lile linaloninyima usingizi: Jumamosi nina shughuli Ukonga, watu 200, pilau na kuku. Wasichana wangu watatu wapo ila pilau ni mkono wangu, watu wanalipa mkono wangu. Nitaonjaje? Kutema chakula mbele ya wenye shughuli yao siwezi, na kumeza naogopa. Magoti nayo yameanza kuuma tena, ila zile diklofenaki zangu bado zipo kwenye droo.

Na kizunguzungu kidogo nikiinuka kitandani, nadhani ni joto hili. Jana umeme ulikatika, feni ikazima usiku kucha. Hilo lisiwasumbue.

JembeLaKimara
Jumanne, saa 4:20 usiku

Pole dada yangu. Mimi nilikatwa miaka miwili iliyopita, India, nikiwa na kilo 151 na sukari ya kuchoma sindano. Nakuambia kama mgonjwa mwenzako, udaktari sina.

Mtori siku ya 11 ulikuwa na haraka, lakini hata ungekuja siku yake ungekwama tu kwa kijiko kile. Kijiko cha chakula kifungie kabatini. Tumia cha chai, na kile cha mtoto ni bora zaidi. Unatia mdomoni kidogo, unatafuna hata kama hakuna cha kutafuna, unameza, kijiko unakilaza mezani na mkono unauweka mapajani. Dakika moja, mbili. Halafu kingine. Ukisikia kashikashi kidogo kifuani, au kwikwi, au pua inaanza kutoa makamasi (usicheke, mimi pua ndo ilikuwa kengele yangu), hapo umeshajaa, hata kama umekula vijiko vitatu. Ule mfuko sasa unabeba kama mililita 100 hadi 150, na saa hizi ndani kuna kidonda na uvimbe, kwa hiyo punguza tena hapo. Na usile huku unapiga soga. Hadithi za mama mkwe ndo zilikuponza, mtori umesingiziwa tu.

Maji. Nenda kwa muuza kahawa yeyote wa kibarazani ununue vikombe vyake viwili, vile vidogo visivyo na mkono. Nilivipima kwa bomba la dawa ya mwanangu, changu kikijaa kinachukua mililita 60. Kila asubuhi nilikuwa nahesabu maharage 25 naweka kwenye kibakuli. Nikimaliza kikombe kimoja, kwa mafunda madogo madogo, dakika 15 mpaka 20, nahamishia harage moja kibakuli cha pili. Yakihama yote 25, nimekunywa lita moja na nusu. Mke wangu alidhani nimechanganyikiwa, nimekaa sebuleni na maharage kama mganga. Lakini ukiacha kuhesabu utajidanganya, maana chupa kushinda mkononi na maji kushinda tumboni ni vitu viwili. Na usichanganye na chakula: ukila, ngoja nusu saa ndo unywe. Soda hapana, hata ukiitikisa gesi itoke.

Mzani, ondoa wasiwasi. Siku za kwanza mwili unakula ile akiba ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na akiba hiyo imefungwa pamoja na maji, kwa hiyo kilo zinadondoka kama embe za Desemba. Akiba ikiisha mzani unakaa kimya. Wengi inawapata wiki ya tatu. Mimi nilisimama siku 13 nikawa namtukana daktari chumbani peke yangu. Siku ya 14 kilo na nusu ikaondoka. Mzani upande mara moja kwa wiki, ukishindwa kujizuia mpe jirani akuhifadhie.

Pilau sijui, mimi nauza spea.

MzeeWaUkweli
Jumanne, saa 4:41 usiku

Hela ya kaka imeliwa hiyo. Wazee wetu walikula mihogo, wakatembea kwenda shamba, hakuna aliyekatwa tumbo. Uvivu tu.

JembeLaKimara
Jumanne, saa 4:44 usiku

Mzee, wazee wetu hawakukaa kwenye foleni ya Ubungo saa mbili wakashushia chipsi mayai saa nne usiku. Kalale.

DadaWaZamu
Jumanne, saa 5:35 usiku

Dada mpishi, nimetoka zamu sasa hivi, niko wodi ya upasuaji miaka tisa, ni muuguzi. Nimesoma yote mpaka mwisho, na mwisho ndo umenikalisha chini. Hilo uliloambia watu lisiwasumbue ndilo linalonisumbua.

Siku tano unatapika kila siku. Maji hayapiti vizuri. Joto la Dar la mwezi huu unalijua. Halafu ukiinuka kitandani dunia inazunguka. Swali langu ni moja: dawa za presha bado unameza zile zile za kabla ya upasuaji? Mtu akishakatwa, anakula kidogo, chumvi imepungua, kilo zinashuka, presha nayo inashuka. Kidonge kilichokuwa saizi yako mwezi uliopita kinaweza kuwa kikubwa mno leo. Na kama mojawapo ni ile ya kukojoza, basi unayatoa hata hayo maji machache unayohangaika kuyameza. (Jembe na sindano zake za sukari atakuambia hivyo hivyo, wengi wa sukari tunawapunguzia dawa ndani ya siku chache.)

Angalia mkojo usiku huu. Kama umekolea kama chai ya rangi, na kwa siku unaenda mara mbili tu, umekaukiwa. Kesho asubuhi kabla hujaamuru mtu amenye kitunguu, piga simu kwa waliokufanyia, uende. Beba pakiti za dawa zote, usiwaambie "ile nyeupe". Waombe wakupime presha ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Kubadilisha dozi waachie wao, usije ukakata mwenyewe kwa kunisoma mimi. Na waambie wazi kwamba umetapika siku tano mfululizo, ili kabla ya dripu ya glukosi wafikirie vitamini B1. Mtu anayetapika sana baada ya upasuaji huu akiba yake ya B1 inaisha haraka, na ikiisha inagusa ubongo na mishipa ya fahamu. Akipewa glukosi bila B1 anaweza kuzidiwa. Ukikutana na daktari ambaye hajazoea wagonjwa wa aina yako, wewe ndo umkumbushe, wala hutakuwa umemkosea adabu.

Usisubiri asubuhi kama una homa, au moyo unakwenda mbio zaidi ya 120 kwa dakika umekaa tu, au tumbo linauma kwa kuzidi, hasa maumivu yakipanda bega la kushoto, au pumzi inakata, au mguu mmoja umevimba na unauma. Mshono wa ndani ukivuja, au damu ikiganda mguuni, ndo huanza hivyo. Hapo ni bajaji, usiku huo huo.

Sasa supu, na hapa nitawaudhi wengi. Sisi tumelelewa kwamba supu ndo nguvu. Hiyo uliyoichuja kwa kitambaa ikabaki safi kabisa ina maji, chumvi na ladha, vyote unavihitaji. Protini ni chembe. Protini imebaki kwenye kitambaa, sijui kaila nani. Wewe unatakiwa gramu 60 hadi 80 kwa siku, kidonda kipone na misuli isiliwe. Uko siku ya 16, karatasi yako imeshakuruhusu vya kusagwa. Saga hiyo minofu na supu yake mpaka ipite kwenye chujio la chai. Unga wa kopo achana nao. Chukua mtindi usio na sukari, utundike kwenye kitambaa safi usiku kucha ndani ya friji, maji yadondoke, asubuhi unakuta mzito kama siagi, vijiko vichache tu vina maana. Yai moja ni gramu 6 hivi, lichemshe, liponde na mchuzi mpaka lilegee. Maziwa robo lita ni gramu 8, na ukiongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta unaongeza kama 5. Samaki changu wa kuchemsha, toa miiba yote, saga. Choroko pia, ukichuja maganda. Uji mtupu wa sembe unakujaza nafasi bure.

Njaa usiingoje. Sehemu waliyoitoa ndiyo iliyokuwa ikitengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo mwili hautakuita. Tegesha simu ilie.

Diklofenaki itoe kwenye droo umpe mtu akatupe. Hizo zinachimba vidonda, na wewe una mshono mpya kuanzia juu mpaka chini ya mfuko. Panadoli tu, na omeprazoli uliyopewa, ile ya kupunguza asidi tumboni, usiiruke. Jumamosi kama watakuruhusu kwenda, nenda ukakae. Ukinyanyua sufuria la pilau wiki ya tatu, kitundu kimojawapo kinaweza kufumuka kwa ndani utumbo uchungulie, turudi tena kushona.

MpishiWaTabata
Jumatano, saa 12:25 asubuhi

Dada wa Zamu, sijalala. Mkojo ni chai ya rangi, tena ya muuza kahawa. Dawa ni zile zile mbili, mume wangu kasoma pakiti, moja ni ya kukojoza. Homa sina, bega haliumi. Jembe, nimeanza na maharage jana usiku kwa kukumbuka nilichokunywa tangu asubuhi, nikapata tisa. Tisa! Na ningeweza kuapa nimekunywa kutwa.

Nyama ya supu wamekula watoto. Naingia kwenye bajaji.

JikoLaTemeke
Jumatano, saa 4:05 asubuhi

Mwenzangu wa masufuria, Mungu akutangulie huko hospitali. Mimi la ugonjwa siliwezi, ila la kuonja naliweza, maana nilipika miezi minne nikiwa na mimba isiyotaka harufu ya kitu chochote, na hakuna aliyerudisha sahani.

Pilau ya mchele kilo 25 unaijua kwa pua. Kitunguu kikifika rangi ya korosho iliyokaangwa, harufu inabadilika, hilo huonji. Bizari ikiiva inaacha kukwaruza kooni. Mchele ukikausha maji, sufuria lenyewe linabadilisha sauti, ile tokota tokota inageuka kuwa vijimlio vidogo vya chini. Kitu kimoja tu kinataka ulimi, nacho ni chumvi, na chumvi ya pilau inaonjwa kwenye maji yake kabla mchele haujaingia. Dondosha tone moja kwenye kiganja, ramba. Tone hilo haliwezi kukudhuru, na mezani hakuna atakayekuona unatema. Maji yawe yamezidi chumvi kidogo sana, kama machozi, mchele utaila.

Kuku na kachumbari mwachie binti mmoja. Mmoja, siyo wote watatu, wakionja watatu utapata chumvi tatu. Mfundishe wiki hii nyumbani kwa sufuria ndogo, akuletee na kukuambia anasikia nini, wewe unanusa.

KisuraMbezi
Jumatano, saa 7:10 mchana

Naomba kuingilia, nami nimepangiwa mwezi ujao. Hivi ni kweli nywele zinaisha? Na vitamini ni za mpaka lini? Shangazi yangu aliwekewa puto tu, yeye halikumhusu hilo.

JembeLaKimara
Jumatano, saa 8:00 mchana

Puto linaingia kwa mdomo na linatolewa, hakuna kinachokatwa, msilinganishe.

Nywele mimi sina tangu 2015 kwa hiyo sina ushahidi. Wenzangu wa kike niliokuwa nao kule zilianza kutoka mwezi wa tatu, wa nne, kwenye kitana zinajaa, mmoja akalia kabisa. Zikarudi ndani ya mwaka. Daktari alisema mwili ukipata mshtuko mkubwa unasimamisha kwanza nywele, na ukikosa protini ndo zinazidi. Vitamini ni za maisha, dada. B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Kalsiamu na chuma usimeze pamoja, vinagombana, tenga saa mbili. Na kama bado uko kwenye umri wa kuzaa ongea nao mapema habari za uzazi wa mpango, wanataka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila mimba, na kilo zikishuka mimba inakuja kirahisi kuliko zamani. Kuna binti kule aliyekuwa ametafuta mtoto miaka saba.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni choo. Siku sita. Naishia hapo. Maji, maji, maji.

Na ugali usiujaribu mapema. Mimi niliujaribu wiki ya tano, tonge dogo kama gololi, kwenye hoteli pale stendi nikiwa na wateja wangu. Mkate laini, wali na ugali vinavimba na kushikana, vinakaa kwenye mlango kama mlinzi. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu, dakika ishirini nimesimama nyuma ya gari la mtu natema povu, huku nasema "haloo, haloo".

DadaWaZamu
Jumatano, saa 2:15 usiku

Mpishi tupe habari. Ukiwa umelazwa mpe mume simu aandike.

MpishiWaTabata
Jumapili, saa 1:40 usiku

Nisameheni ukimya, nililala huko usiku mmoja, halafu shughuli.

Presha nikiwa nimekaa 104 kwa 66. Wakaniambia simama, ikawa 86 kwa 54, nesi akanishika mkono kabla sijajua kama nayumba. Nilikuwa nimekauka. Niliwatajia B1, daktari kijana akaniangalia, akauliza umeambiwa na nani, nikasema nina dada zangu. Wakanipa kwanza sindano ya B1, ndo dripu zikafuata, sikuhesabu ngapi. Potasiamu nayo ilikuwa chini. Wakanipitishia kamera kuangalia kama njia imeziba, wakakuta haijaziba, ni uvimbe tu unaoshuka polepole. Dawa ya kukojoza wamesimamisha, ile nyingine wamepunguza nusu, nirudi Alhamisi wapime tena. Asubuhi ya Alhamisi iliyopita niliinuka kitandani na dunia ikakaa palepale. Mjue sikuwa najua kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilidhani ndivyo mtu aliyekatwa anavyojisikia.

Ukonga nilienda, daktari kasema sawa mradi nisinyanyue. Nimewekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, mita tatu kutoka kwenye jiko, kila aliyepita ananiuliza unaumwa nini mbona umepungua, wengine wanauliza kwa macho tu na mnajua wanachofikiria. Nikawa najibu presha. JikoLaTemeke, nilifanya kama ulivyosema. Binti wa dada yangu akaniletea maji ya pilau kwenye mwiko, nikadondosha kiganjani, nikaramba. Chumvi ilikuwa pungufu. Nikamwambia ongeza nusu ngumi, akaongeza ngumi yake, ambayo ni ndogo kuliko yangu, ikawa ndo yenyewe. Sahani zilirudi tupu. Nilinusa pilau yangu mwenyewe saa nne nzima na sikuitamani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe, na sijui nilifurahie au nililie.

Sitapiki tangu Alhamisi. Changu wa kusagwa anapita, yai linapita, mtindi wa kutundika ndo rafiki yangu. Mzani nimempa jirani.

Mama mkwe ndiye aliyebadilika. Alikuwa nami hospitali, alimsikia yule daktari kwa masikio yake, na tangu tumerudi amekuwa askari. Samaki anampitisha kwenye chujio la chai mara mbili. Mawifi wakija na vyombo vyao anavipokea mlangoni, "mgonjwa kalala", na mimi nimekaa sebuleni wananiona. Maharage ya kuhesabia ameleta ya kwake ya Machame, anasema ya dukani yamedumaa. Kila nikimaliza kikombe anahamisha mwenyewe, mimi siruhusiwi kugusa.

Leo jioni nimeangalia kibakuli nikakuta 23. Nikashangaa, maana na mimi nilikuwa naweka alama kwenye simu kimya kimya, na zangu zilikuwa 20. Nikamuuliza, mama, leo nimekunywa vingapi? Akaangalia feni.